Mama Haazimishwi kwa Siku Kumi na Nne

Mseti Nchagwa,
Karani Mstaafu wa Chama cha Msingi,
Nyamwaga, Tarime.
Ijumaa, saa nne asubuhi.

Kwa Mwalimu Desderius,
Mtunza Maktaba ya Kontena,
Jirani na uwanja wa mnada,
Nyamwaga.

Ndugu Mwalimu,

YAH: KUMPANGA MAMA YANGU MZAZI KWENYE RAFU NA KUMGONGA MUHURI

Kichwa cha habari hapo juu kinamtosha mtu yeyote aliyezaliwa huku. Lakini wewe umetoka Bukoba, umeletwa na serikali, na mgeni huwa anaeleweshwa kabla ya kulaumiwa. Kwa hiyo nitakuelewesha kwanza, kisha nitakulaumu, na mwisho nitaomba ninachoomba. Nimefanya kazi ya ukarani miaka ishirini na sita na kila jambo kwangu lina namba yake.

Kabla ya lawama, pongezi. Kontena lile tulidhani ni la mnunuzi wa vyuma chakavu. Ulipolipaka rangi ya kijani na kulitoboa madirisha, mimi nilikuwa mtu wa tatu kuingia. Nilikaa kwenye benchi lako nikasoma gazeti la mwezi uliopita kuanzia mwanzo mpaka matangazo ya vifo, na hakuna aliyeniuliza natafuta nini. Wema huo sijausahau. Ndiyo maana naandika barua, wakati wenzangu wawili walinishauri nije mwenyewe na fimbo.

Sasa tuje kwenye rafu. Tarehe moja mwezi huu ulibandika karatasi mlangoni: JINA MOJA, VITABU VINGI. MWEZI HUU: BOKE. Chini yake ukapanga vitabu sita vya kila aina, visivyo na undugu wowote isipokuwa jina. Ama Boke ameandika, ama Boke ameandikwa. Ukaongeza kwamba msomaji yeyote anayeitwa Boke ataruhusiwa kuazima vyote kwa mpigo, wakati sisi wengine tunapewa kimoja kimoja. Najua nia yako ilikuwa njema. Ulitaka kina Boke wa kata hii wapate hamu ya kusoma. Haya, wameipata.

Mwalimu, huku kwetu jina si kitu cha kuandikia kitambulisho tu. Marehemu mama yangu aliitwa Boke. Alipofariki, mwaka huohuo mke wangu Tabitha akajifungua mtoto wa kike, kitinda mimba wetu, tukampa jina hilo. Tangu siku ile mtoto huyo ndiye mama yangu. Usicheke. Namwita mama, naye akitaka kunikomesha ananiita mwanangu. Akiingia nampisha kiti. Alipokuwa na miaka minne alinikataza sigara mbele ya wageni, nikaizima na sijawasha nyingine mpaka leo, maana mama amesema. Tabitha akiwa na jambo nimemkatalia, hanibembelezi, anamtuma Boke. Boke anakuja anasimama mlangoni, mkono kiunoni, vilevile alivyokuwa anasimama marehemu. Sasa niambie, mtu mzima mwenye akili zake anabishana na mama yake?

Nimeishi hivyo miaka kumi na tisa na sikuwahi kulalamika popote. Mama mmoja anavumilika. Wewe umeniongezea sita.

Na umewaleta wakati mbaya kuliko wakati wote. Mama aliniachia shamba la migomba, lile lililo kando ya barabara unapopandisha kuelekea Nyangoto. Nimepatana na Baltazar, mfanyabiashara wa Tarime mjini, anayetaka kujenga gesti pale. Nikishauza nanunua mashine ya kusaga, naifunga Nyarero, naacha kuitwa mstaafu. Jumatatu tunasaini. Kilichokuwa kimebaki ni mama kukubali tu, yaani Boke wa nyumbani, na Boke alikuwa amekwishaniambia kwamba atafikiria. Kwa anayemfahamu, hiyo ni nusu ya ndiyo. Ndipo ukafungua rafu yako, naye akaja na mfuko wa salfeti akabeba vitabu vyote. Leo shamba halina mbele wala nyuma. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. KUKU. Kitabu kinaitwa Kuku wa Boke Hawafi Ovyo, kimetungwa na mama mmoja wa Bunda. Kuku wa nyumba hii wamelala jikoni tangu enzi za baba yangu na hakuna aliyelalamika, hata kuku wenyewe. Boke alisoma siku mbili. Siku ya tatu akatangaza kwamba kuku wanahitaji banda lenye hewa. Nikakataa. Alikiweka kitabu mbele ya sahani yangu, jalada juu, palipo na picha ya mwandishi amefunga kilemba na kukumbatia jogoo, akasema si yeye anayesema. Nikamtazama yule mama. Yule mama naye akanitazama. Ni wajina wa mama yangu, Mwalimu, ningemwambia nini? Banda limejengwa, na limejengwa kwa mbao nilizokuwa nimezitunza kwa ajili ya kibanda cha mashine.

2. NYAMA. Hapa nawalalamikia Boke wawili kwa pamoja, kwa sababu hawaelewani. Wa kwanza ametunga kitabu cha mapishi, Jiko la Boke, na ukurasa wa 41 anafundisha kichuri, supu yetu ile chungu ya matumbo ambayo mwanamume anachovyea nyama ya kuchoma. Anaifundisha vizuri, simnyimi haki yake. Wa pili ni daktari, ametunga Moyo Wako Baada ya Sitini, na ukurasa wa 17 anasema nyama ya mafuta ni kuchimba kaburi kwa meno. Jumapili iliyopita Tabitha alipika kwa kufuata ukurasa wa 41. Boke akafungua ukurasa wa 17 na kuuegemeza kwenye jagi la maji. Mama mmoja ananiambia kula, mama mwingine ananiambia thubutu. Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, na nyasi nilikuwa mimi, nimeketi katikati yao nikingoja wapatane mpaka nyama ikapoa ikaganda. Nilikula maharage. Isitoshe, mimi nina miaka hamsini na tisa na miezi minane, kwa hiyo kitabu cha daktari hakikunihusu kisheria.

3. MWENENDO. Hili ni zito na nakuomba ulisome umekaa. Riwaya inayoitwa Boke Hapigi Hodi ulimwazima kwanza Nelson wa bodaboda, kabla Boke hajaja na mfuko wake. Kisha Nelson akaiweka chini ya kiti cha pikipiki. Wiki nzima mama yangu amezungushwa Nyangoto, Nyarero, na Sirari mara tatu, mtoto wake sina habari. Aliporudi alikuwa ananuka petroli. Nikaona ni wajibu wangu kumkagua. Ukurasa wa 112 nikamkuta anapanda lori na dereva wa Mwanza, bila wazee kuketi, bila ng'ombe hata mmoja wa mahari, bila hata kuaga! Nilikifunga kitabu kwa hasira. Halafu nikakifungua, kwa sababu huwezi kumwacha mama yako kwenye lori bila kujua anakoelekea.

Matokeo ya ukurasa huo umeyafikiria, Mwalimu? Kama huyo ni mama yangu, basi dereva ni baba yangu. Kama dereva ni baba yangu, mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume, na lori lile la tani kumi ni urithi wangu ambao hakuna aliyenitaarifu. Kitabu kinaisha lori likiwa zima. Naomba kujua liko wapi. Zaidi ya hapo, mwandishi hakusema kama Boke aliwahi kurudi kumwona mama yake, na jambo hilo limenikera kuliko lori. Nililisoma lile neno la mwisho, nikageuza ukurasa, nikakuta karatasi nyeupe. Nikageuza tena. Huo si uandishi, ni utovu wa adabu.

4. MBUZI. Katika kitabu cha watoto, Boke Apiga Mswaki, Boke ni mbuzi. Amevaa gauni la bluu na ana meno makubwa meupe. Sitasema mengi. Nilipomuuliza binti yangu kama haoni aibu, akasema yeye anaona mbuzi yule ni msafi kuliko watu anaowafahamu, akatazama mswaki wangu. Wiki hiyohiyo palikuwa na sherehe kwa jirani, mbuzi akachinjwa, nikaletewa paja. Nilishindwa kulila. Miaka hamsini na tisa nakula mbuzi, leo nimeketi mbele ya paja najiuliza kama tuna undugu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

5. SHERIA. Kitabu chembamba, Kabla Hujasaini, cha wakili mmoja anayeitwa Boke. Hicho ndicho kilichonimaliza. Anasema shamba la familia haliuzwi na mtu mmoja aliyeamka nalo kichwani. Anasema muuzaji ajiulize maswali matatu: unauza kwa nini, mwakani watu watakula nini, na nani ameulizwa. Boke akaniuliza yote matatu mezani, taratibu, kwa sauti ya ofisini. La kwanza nikajibu kwa haraka: nauza ninunue mashine ya kusaga niifunge Nyarero. Akaniuliza, Nyarero kuna mashine ngapi? Nikasema mbili. Akasema ni nne, na ya nne imefungwa juzi, na wenyewe wanashindania wateja mpaka wanawasagia kwa mkopo. Mwalimu, mimi ni karani. Maisha yangu yote nimehesabu magunia ya watu, na sikuwa nimehesabu mashine. Nilitoka nje nikasimama kwenye banda la kuku kwa muda. Lina hewa, kweli.

6. KIKAO. Jumatano Boke alipanga vitabu vyote sita juu ya meza, upande ule aliokuwa anakaa marehemu, akatangaza kikao cha kina Boke kuhusu shamba. Ajenda ilikuwa moja. Akasoma maoni ya kila mjumbe kutoka kwenye kurasa alizokwishazikunja. Boke wa kuku alipinga, kwamba kuku wanahitaji kivuli cha migomba. Boke wa mapishi alipinga, kwa kuwa kurasa kumi na moja za kitabu chake ni za ndizi. Daktari alipinga. Wakili ndiyo usiseme. Yule wa lori, ambaye nilimtegemea kwa kuwa ni mtu wa kuondoka, alipinga naye: ukurasa wa 140 analia kwamba hana hata kipande cha ardhi cha kurudia. Mbuzi peke yake hakutoa maoni, maana kitabu chake hakigusi ardhi. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikajikuta naandika muhtasari wa kikao na kuwapigia mstari waliohudhuria. Nimeambatanisha nakala.

Niliposema kwamba vitabu havipigi kura, binti yangu alinijibu kwamba nimempisha kiti miaka kumi na tisa kwa sababu ya jina tu. Kama jina lina nguvu kwake, mbona kwa hawa halina? Tabitha alikohoa. Mtego huo niliutega mwenyewe, nakiri, tena kwa furaha, siku ile nilipozima sigara.

7. DAFTARI. Hapa siandiki kwa mzaha, na kama ulikuwa unatabasamu, naomba uache.

Jana nilikuja maktabani nikiwa nimejiandaa kukuambia haya yote ana kwa ana. Ulikuwa umetoka. Kwenye rafu, vitabu sita vikiwa bado kwangu, nikakuta kimebaki kimoja ambacho sikuwahi kukiona. Daftari la shule, jalada limeliwa na mende pembeni. Umelifunika nailoni, umelibandika namba 007, na umeligonga muhuri MALI YA MAKTABA palepale kwenye jina. Jina lenyewe limeandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa, kila moja imelalia upande wake: BOKE.

Ni daftari la mama yangu. Si la wajina wake. Ni la kwake, la kisomo cha watu wazima, enzi zile kina mama walipokuwa wanafundishwa kusoma alasiri kwenye darasa letu sisi watoto. Binti yangu amelitoa kwenye sanduku la marehemu, sanduku ambalo mimi sikuwahi kulifungua kwa sababu sikuweza, akakuletea wewe uikamilishe nalo rafu yako. Hukuniuliza. Hata yeye hakuniuliza.

Nilikaa kwenye benchi nikalisoma. Si refu. Ukurasa wa kwanza unasema: Mimi ni Boke. Hii ni jembe. Mwalimu wake amesahihisha kwa wino mwekundu, hili ni jembe. Ukurasa wa tatu unasema: Leo nimeandika jina langu. Mume wangu amecheka. Kesho nitaandika tena. Ukurasa wa tano unasema: Mseti ni mtoro. Mseti hataki kuchunga. Pale nilicheka, nikiwa peke yangu, mzee mzima. Ukurasa wa tisa unasema: Nimepanda migomba kumi na mbili. Mseti alishika miche.

Mwalimu, mimi sikumbuki kushika miche. Nilikuwa na miaka minane. Nimejaribu tangu jana kukumbuka hata mche mmoja, kama mikono yangu ilichafuka, kama alinisifu, na sipati kitu. Yeye alikumbuka, tena akaona ni jambo la kutosha kuandikwa na mtu ambaye kila herufi ilikuwa inamtoa jasho. Niliumia. Nasema wazi, niliumia, na nikakasirika kwamba mtu yeyote wa mnadani anaweza kuingia mle na kiatu cha kinyesi cha ng'ombe, akasoma kwamba mimi ni mtoro.

Nikajiambia jambo moja, na naliandika hapa kwa sababu linanisumbua: kama nisingelisoma lile daftari, Jumatatu ningesaini bila shida yoyote. Vitabu vile sita ningevishinda. Ningesema ni karatasi tu. Kwa hiyo kosa lako kubwa, Mwalimu Desderius, kuliko kuku na lori na mbuzi, ni kuliweka daftari lile mahali ambapo mtoto wake angeliona.

Kwa sababu hizo, naomba na kudai yafuatayo, kabla ya Jumatatu saa tatu asubuhi, atakapofika Baltazar na karatasi zake:

(a) Rafu ya Boke ifungwe, vitabu vyote saba viondolewe machoni pa umma, na binti yangu aelezwe kwamba ni agizo kutoka juu.

(b) Ikishindikana, rafu ibadilishwe jina, iwe ya Desderius. Tafuta vitabu sita vya kina Desderius, mmoja awe mlevi, mmoja awe bata, uvitume Bukoba kwa baba yako avipishe kiti. Tuone.

(c) Ikishindikana hiyo nayo, basi maktaba iweke utaratibu. Anayetaka kumwazima Boke aje na wazee wawili, aseme shikamoo mlangoni, na aeleze nia yake. Akimchelewesha zaidi ya siku kumi na nne, asitozwe faini ya shilingi. Alete mbuzi. Lakini asiwe mwenye gauni.

(d) Mwandishi wa riwaya aandikiwe barua. Aongeze sura moja ambayo dereva anakuja na wazee wake kwa heshima, ng'ombe wakiwa mbele, na Boke anarudi kumwona mama yake. Sura hiyo ikipatikana naomba niletewe mimi kwanza, kwa ukaguzi.

(e) Muhuri ufutwe kwenye jina la mama yangu. Sijui unafutwaje. Tafuta namna.

(f) Daftari nirudishiwe mimi, mtoto wake wa pekee na mshika miche. Kwa sasa tayari liko kwangu. Nililiweka ndani ya koti nikaondoka nalo, na kwenye kitabu chako cha waazimaji sikuandika kitu. Sidhani kwamba mtu anaweza kumwiba mama yake, lakini nakutaarifu usije ukamshuku Nelson.

Mimi si adui wa elimu. Muulize yeyote. Ninachosema ni kwamba kila kitu kina mahali pake, na mahali pa mama si kati ya kamusi na kitabu cha kuku. Mtu akitaka kuuza shamba lake kwa amani, aachwe auze. Asizungukwe na kina mama saba kwenye meza yake mwenyewe, wanne wakiwa na picha.

Nisalimie mkeo uliyemwacha Bukoba, mwambie ndizi zetu si kama zao lakini zinalika. Nisalimie nesi Bupe wa zahanati, na umwambie aliyeandika kwa kalamu "KWELI KABISA" pembeni mwa ukurasa wa 17 tumemjua kwa mwandiko. Nisalimie mwenyekiti wa kijiji, watoto wote wa darasa lako, mlinzi wa mnada, na Nelson pia, ingawa sijamsamehe. Boke wangu hana haja ya salamu, utakuwa naye hapo. Anashinda kwako.

Ni mimi, nisiyeomba kitu kikubwa isipokuwa kuachiwa mama mmoja,

Mseti Nchagwa.

Nakala:
– Mwenyekiti wa kijiji
– Tabitha (asisomewe kipengele cha 5)

N.B. Nilikuwa bado sijafunga bahasha pikipiki iliposimama mlangoni. Ni Baltazar. Amekuja leo Ijumaa badala ya Jumatatu, anasema watu wa benki wamemharakisha. Akatandaza karatasi zake juu ya barua hii hii, ndiyo maana unaona alama ya grisi hapo juu, akanipa kalamu. Nikaipokea. Nilikuwa tayari, Mwalimu, nataka ulijue hilo. Akaanza kujaza zile nafasi moja moja, akiniuliza na kuandika. Jina la muuzaji, nikamtajia. Mipaka, nikamtajia. Mwenye shamba wa asili, nikamwambia ni mama. Akauliza, bila hata kuinua kichwa, mama yuko wapi.

Nikamjibu kwamba amekwenda maktaba.

Sikupanga. Ndivyo lilivyotoka. Baltazar aliacha kuandika akanitazama, maana mwezi uliopita mimi mwenyewe nilimwambia kwamba mama ni marehemu wa miaka kumi na tisa. Akaniuliza anarudi saa ngapi. Nikasema huwa anarudi jioni, na bila yeye siwezi kusaini kitu. Baltazar akakunja karatasi zake polepole, akanipa pole, akasema atatafuta kiwanja kingine upande wa Nyangoto. Ningeweza kumwita nikamweleza kwamba nilimaanisha binti yangu. Sikumwita. Mpaka sasa sijui kama nilimaanisha binti yangu.

Kwa hiyo barua hii naituma kwa kuwa imekwisha andikwa na karatasi si bure, lakini usitekeleze kipengele chochote isipokuwa (d). Rafu iache. Daftari nakurudishia Boke akija kesho, liwekwe palepale, ila juu kidogo, watoto wasilifikie na mikono ya maandazi. Na leo usimharakishe kutoka, mwache asome mpaka utakapofunga. Akiniulizia, mwambie mwanawe yuko shambani.